Stering ni Nani? Venye Majina ya Waigizaji Hupangwa kwa Muvi, na Kwa Nini Lako Linaweza Kukosekana

Sema uko Remba wiki ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawafuati taa, kwa hivyo boti za omena zimevutwa ufuoni na wasee hawana kazi ya usiku. Wataenda wapi? Kwa video. Mabati, mabenchi, skrini moja, jenereta inanguruma huko nje. Muvi inaanza, majina yanapita polepole kwa skrini, na kuna msee wa nyuma ashachoka: "Peleka mbele bana!"

Usipeleke. Hiyo sehemu unataka kuruka ni moja ya zile hupiganiwa sana kabla kamera hata iwashwe. Mawakili na maajenti huvutana juu ya nani aje kwanza, nani aje mwisho, herufi ziwe kubwa aje, na jina likae pekee yake ama lichangie skrini na lingine. Wasee wa filamu huita hiyo orodha kredits (si ile kredo ya simu), na ukijua kuisoma utajua nani alikuwa na nguvu kwa hiyo muvi, nani alinyimwa, na nani alifichwa makusudi.

Na kama uko na ndoto ya kuigiza, ama siku moja crew ya filamu ishuke kwa beach yenu ikitafuta watu wa kusimama nyuma, hii stori inakuhusu kabisa. Jina kwa hiyo orodha ndio wasifu wako wa kazi. Bila hilo, utakuwa unaambia watu ulikuwa kwa muvi na wanakucheka tu.

Stering si lazima awe wa kwanza

Sote tumekua na sheria moja: stering haezi dedi. Anaweza pigwa risasi, aangushwe kwa ndege, atupwe majini akiwa amefungwa kamba, lakini atarudi. Neno lenyewe tulilitoa kwa mabango ya muvi za Kizungu, pale palipoandikwa starring, yaani muvi inaigizwa na fulani. Wabongo nao wakalifanya steringi. Kwa bango lilikuwa neno la kutangulia majina, sisi tukaligeuza likawa mtu.

Shida ni kwamba tukadhani jina la kwanza ndilo la stering. Mara nyingi ni hivyo, lakini si sheria. Jina la kwanza ni la yule aliyeandikiwa kwa mkataba wake kwamba atakuwa wa kwanza. Basi.

Cheki Superman ya 1978. Msee anayevaa ile kepu na kupaa ni Christopher Reeve, lakini jina lake ni la tatu. Wa kwanza ni Marlon Brando, aliyeigiza babake Superman na hakai kwa skrini hata dakika ishirini. Wa pili ni Gene Hackman, adui. Reeve alikuwa bado hajulikani. Hao wengine wawili ndio walikuwa wanauza tiketi. Kwa hivyo stering alikuja nyuma ya baba yake na nyuma ya adui yake.

Kuna wakati mastaa wawili wako sawa na hakuna anayetaka kushuka. Hiyo ilitokea kwa The Towering Inferno ya 1974, ile ya jumba refu linawaka moto. Steve McQueen na Paul Newman wote walikuwa moto wakati huo. Suluhisho likawa hivi: jina la McQueen likawekwa kushoto lakini chini kidogo, la Newman likawekwa kulia lakini juu kidogo. Ukisoma kutoka kushoto, McQueen ni wa kwanza. Ukisoma kutoka juu, Newman ni wa kwanza. Kila mtu akaenda nyumbani akiwa ameshinda. Hiyo mbinu bado iko kwa mabango mpaka leo; ukiona majina mawili yamepanda ngazi, jua kulikuwa na vita.

Somo la Lupita

Sasa tuje nyumbani. Lupita Nyong'o, binti wa Kisumu hapo ng'ambo ya ziwa, amepitia karibu kila aina ya nafasi kwa orodha, kwa hivyo tumtumie yeye kufundisha.

The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa Kenya, na Lupita alikuwa kwa ile crew kama msaidizi wa uzalishaji, hizo kazi za kutumwa huku na kule. Hapo haukuwa unatafuta jina lake kwa bango.

2013 ikaja 12 Years a Slave. Soma bango lake pole pole: Chiwetel Ejiofor, Michael Fassbender, halafu Cumberbatch, Dano, Dillahunt, Giamatti, McNairy, Nyong'o, Oduye, Paulson, Pitt, Williams, Woodard. Umeona? Baada ya wale wawili wa mbele, wengine wote wamepangwa kwa alfabeti. Lupita ni wa nane kwa sababu jina lake linaanza na N. Brad Pitt, mmoja wa maprodyusa, yuko karibu na mkia kwa sababu ya P. Hii ni njia ya kuzima ngori: hakuna anayeweza kulalamika kwamba amewekwa chini kwa dharau, ni herufi tu. Na hiyo nafasi ya nane haikumzuia kitu. Machi 2014 alibeba Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike.

Hiyo muvi hiyo ikaleta vurugu Italia. Msambazaji wa huko alitoa mabango yaliyojaa uso wa Brad Pitt na mengine ya Fassbender, Ejiofor akiwa kadogo huko chini, na yeye ndiye hiyo stori inamhusu, mtu mweusi aliyeibwa akafanywa mtumwa. Watu walipiga kelele dunia nzima na mabango yakaondolewa. Kwa hivyo mpangilio wa majina unaweza kuwa wa haki kabisa kwa alfabeti, na bado picha ikakuibia nafasi yako.

2016, Queen of Katwe. Stori ni ya Phiona Mutesi, msichana wa chesi kutoka Katwe, Kampala. Anayemwigiza ni Madina Nalwanga, na kusema ukweli yeye ndiye stering. Lakini David Oyelowo anayeigiza kocha na Lupita anayeigiza mama wanatangulia, kwa sababu zile zile za Superman. Walichofanya vizuri ni mwishoni: majina yakianza kupita, kila mwigizaji anasimama kando ya yule mtu wa kweli aliyemwigiza. Kama ulitoka ukumbini mapema, ulikosa sehemu tamu kuliko zote. Mwambie huyo msee wa nyuma.

Halafu Black Panther, 2018. Chadwick Boseman, Michael B. Jordan, wa tatu Lupita. Hapo hakuna alfabeti. Hapo ni uzito. Lakini usitazame mbele pekee, tazama mkia: Angela Bassett, Forest Whitaker, na wa mwisho kabisa Andy Serkis, akitanguliwa na neno "na".

Hilo "na" ni dogo lakini ni la bei. Nafasi ya mwisho si ya aibu. Ni kiti cha heshima, kile hupewa staa mkubwa aliye na sehemu ndogo: hawezi kuwa mbele kwa sababu haonekani sana, na hawezi kuchanganywa katikati kama kila mtu. Kwa hivyo anafunga. Wakati mwingine wanaongeza na jina la mhusika, "na fulani akiwa fulani", hiyo sasa ni heshima juu ya heshima. Ni kama harusi: mgeni rasmi hasemi wa kwanza, lakini kila mtu anajua kwa nini amewekwa mwisho.

Na kuna lile neno la "tunamtambulisha". Hilo huwekwa kwa mtu mgeni kabisa ambaye prodyusa anaamini atakuwa mkubwa. Tamu, lakini linatumika mara moja tu maishani.

Kufichwa makusudi

Kuna kukosa jina kwa kuonewa na kuna kukosa jina kwa mpango. Kwa Se7en ya 1995, jina la Kevin Spacey halimo kabisa mwanzoni. Yeye ndiye muuaji, na kama ungeona jina lake ungekaa muvi nzima ukimngoja. Likatokea mwishoni. Hiyo ni siri ya stori, na mwenyewe alikubali.

Zamani lakini mambo yalikuwa ya kinyama. Kabla ya 1910 hivi, kampuni za filamu Marekani hazikuwa zinataja waigizaji hata kidogo. Sababu? Doh. Ukimtaja mtu anakuwa maarufu, akiwa maarufu anaitisha zaidi. Florence Lawrence alipendwa na watu mpaka wakamwita "msichana wa Biograph", kwa jina la kampuni, kwa sababu lake hawakuwa wanalijua. Carl Laemmle ndiye alimchukua, na 1910 akamtangaza kwa jina lake mwenyewe. Kampuni zingine zikaona hakuna namna ila kufuata.

Mwenye umeishi ufuoni unaelewa hii bila kufundishwa. Boti imeandikwa jina la tajiri au la mke wake ubavuni, na wale wanne waliovuta nyavu usiku kucha hawajaandikwa popote. Samaki akifika Nairobi, nani atajua ni nani alimvua?

Kuna pia kufunikwa na sauti. Ukumbi mwingi wa video huku kwetu hauonyeshi muvi kavu. Kuna DJ Afro anaitafsiri na kumpa stering jina jipya, na Waganda wakija na zao kuna VJ. Who Killed Captain Alex?, ile ya Wakaliga ya 2010, imekuwa maarufu duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Binafsi nawapenda hawa watu, wanaokoa muvi mbaya. Lakini wakati majina yanapita ndio wao wanaanza kusalimia mitaa, na ukiuliza watoto muvi ni ya nani, watakuambia ni ya DJ Afro.

Jina gani hasa?

Hapa ndipo Wakenya huumia zaidi, kwa hivyo tulia.

Out of Africa, 1985. Kuna kijana anaigiza Kanuthia. Orodha inasema Job Seda. Ukimtafuta Job Seda utapata kidogo sana. Lakini ukitafuta Ayub Ogada utapata mtu mzima: mpiga nyatiti aliyepiga muziki kwa stesheni za treni London, akatoa albamu ya En Mana Kuoyo 1993, na wimbo wake Kothbiro ukaingia ndani ya The Constant Gardener. Ni yule yule. Ayub ni Job kwa Kiswahili, halafu Ogada badala ya Seda. Alifariki Februari 2019. Mtu mmoja, filamu mbili kubwa zilizopigwa Kenya, majina mawili tofauti, na wengi waliomlilia hawakujua waliwahi kumwona kwa skrini.

Olwenya Maina, yule Oti wa Nairobi Half Life ya 2012, utampata kwingine kama Maina Olwenya. Jina limegeuzwa tu, lakini kompyuta haijui hilo. Inaweza kukugawa mara mbili, nusu ya kazi zako huku, nusu kule.

Na Mzee Ojwang'! Miaka na miaka ya Vitimbi, Kenya nzima ilimjua kama Mjaluo wa Mjaluo kwa ile lafudhi. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015 watu wengi ndio mara ya kwanza kulisikia hilo jina. Jina la mhusika lilikuwa limemeza la mwenyewe. Hiyo ni sifa, ndio, alikuwa noma. Lakini mhusika ni wa kipindi, na wewe ni wako.

Marekani chama cha waigizaji hakiruhusu wanachama wawili watumie jina moja. Michael Keaton alizaliwa Michael Douglas, akakuta Michael Douglas mwingine yuko tayari, ikabidi atafute lingine. Hebu leta hiyo kanuni Remba. Ita "Otieno" kwa sauti ufuoni uone ni wangapi watageuka.

Kwa hivyo chagua jina moja mapema, liandike vile vile kila mahali, na likiwa na kinganishi kama cha ng' hakikisha hawajakiangusha. Jina la kitambulisho na la M-Pesa liende kwa ukurasa wa malipo. Jina la skrini liende kwa mstari wake. Wasichanganye.

Huko chini kabisa

Majina makubwa yako mwanzoni. Mwishoni ndio inakuja orodha ndefu ya kila mtu, jina na mhusika, mara nyingi kwa kufuata nani alitokea kwanza. Huko ndiko watu wetu wengi huwa: "Mvuvi 1", "Mwanamke sokoni", "Askari mrefu". Usicheke. "Mvuvi 1" aliye na jina ni bora kuliko mvuvi aliyeongea dakika tatu na hayuko.

Mkataba wa chama cha Marekani unasema filamu ikiwa na waigizaji hamsini au chini, wote wanatajwa. Ikizidi hapo, wasipungue hamsini. Ona basi hata huko kuna mtu wa hamsini na moja. Na hiyo ni ya waigizaji wenye sehemu. Ekstra, wale wa kupita nyuma na ndoo, kwa kawaida hawatajwi kabisa.

Kuna pia Mkataba wa Beijing, uliopitishwa 2012 na kuanza kufanya kazi Aprili 2020. Kifungu chake cha tano kinampa mwigizaji haki ya kutambuliwa kama mwenye uigizaji wake, hata kama ashauza haki zingine, isipokuwa pale namna kazi inavyotumika hairuhusu. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za waigizaji, na PRISK ni chama kilichoundwa kukusanya pesa zao. Lakini kwa seti, saa kumi na moja asubuhi, hakuna mtu atakusomea sheria. Kilicho kwa karatasi ndicho kitafuatwa.

Basi, boti ya crew ikitia nanga na wakuchague, fanya hivi. Uliza kwanza wewe ni ekstra au una maneno ya kusema, kwa sababu ukipewa hata mstari mmoja katikati ya siku, kazi yako imebadilika na malipo yanafaa kubadilika. Kabla ya kuweka sahihi, tafuta mstari unaosema jina lako litaandikwaje. Kama haupo, omba uongezwe kwa kalamu na mwenzako atie sahihi hapo kando. Wakisema "tutaona wakati wa kuhariri", hiyo ni hapana iliyovaa suti. Piga picha kila ukurasa, maana wanarudi na karatasi zao Nairobi. Chukua namba ya yule anayeshika orodha ya waigizaji, si ya yule aliyekusalimia vizuri. Na miezi ikipita uliza wakati wa kuhariri bado unaendelea. Muvi ikishatoka, kuongeza jina ni ngumu kuliko kurudisha mbuta majini.

Kuna kitu kimoja wengi hawajui: jina lina masharti hata likiandikwa. Mikataba mingi husema utatajwa kama sehemu yako itabaki kwa muvi ya mwisho. Wakikata sini yako, jina linaweza kwenda nayo. Omba pesa yako isitegemee hilo. Ulifanya siku ya kazi, iwe imetumika au haijatumika.

Halafu siku itakapofika, muvi iletwe kwa flash Remba, mwezi ukiwa mkubwa na benchi zimejaa, keti karibu na yule anayeshika rimoti.